Panya Aliyeitwa Chifu

Rispah, yule anayekaanga chapati mbele ya lango la ploti ya vyumba vya kupanga, anasema aliona mwenyewe wala hakuhadithiwa. Anasema ilikuwa mchana, wateja wameenda kula, na mlango wa chumba cha gemu umerudishwa tu bila kufungwa. Yeye alikuwa amekuja kuomba kibiriti. Akasogeza pazia kwa kidole, na hapo akamwona Nekoye, mke wa Wangila, amekaa sakafuni mbele ya televisheni, miguu ameinyoosha kama mtu anayechambua sukumawiki. Juu yake, kwenye msumari, imening'inia mikia. Mikia ya wanyama, Rispah anasema, mifupi na minene kama vidole vya mtu, imetungwa kwenye uzi. Na kwenye kioo yule panya mkubwa wa gemu, yule aliyewashinda wanaume wote wa mtaa wa Matisi, alikuwa anatoka shimoni kinyumenyume, polepole, anamjia Nekoye kama mbuzi aliyeitwa kulamba chumvi. Midomo ya Nekoye ilikuwa inacheza. Sauti hakuna, midomo tu.

"Akamwambia geuka, akageuka," Rispah huwaambia wanaongoja chapati. "Ati akamwambia lala, akalala. Mimi kibiriti nilisahau. Nilirudi nikakaa hapa hapa."

Kila akisimulia huongeza kidogo. Mara ya kwanza mikia ilikuwa uzi mmoja; kufikia mwisho wa wiki ilikuwa imezunguka ukuta. Mara ya kwanza Nekoye alikuwa amevaa leso kichwani, baadaye kichwa kikawa wazi na nywele zimesimama. Lakini kiini chake habadilishi, na hicho ndicho kilichosafiri kutoka Kitale, kikashuka barabara ya Webuye, kikafika Misikhu kwa mama yake Wangila kabla ya barua au simu yoyote.

Mikia ilikuwepo. Hilo Nekoye hakulikataa hata siku moja.

Baba yake ni mtega fuko, wale wanyama wanaochimba njia chini ya shamba. Huko kwao Myanga, na kote hadi Kiminini, mtu akiona viazi vyake vinanyauka na udongo umefura vichuguu shambani, humtafuta yeye. Hana sumu. Ana waya, ana kamba, ana fimbo mbichi anayoipinda kama upinde na kuichomeka kando ya shimo. Kazi ikiisha humwonyesha mwenye shamba mikia, kwa sababu hiyo ndiyo ushahidi wake. Fuko wenyewe huwa wameshaliwa na mbwa. Msimu ule alikuwa ametega shamba moja karibu na Kiminini na mwenye shamba alikuwa safarini. Mzee akaitunga mikia kwenye uzi, akapitia kwa bintiye Kitale, akanywa chai, akasema, "Niwekee hii mahali pakavu, paka asifike. Yule bwana akirudi nitaipitia." Katika vyumba viwili vya Wangila, mahali pakavu ambapo paka hafiki palikuwa pale tu penye msumari, juu ya televisheni.

Chumba cha gemu kilikuwa chumba chao cha mbele. Wangila aliipata mashine kuukuu ya gemu kwa fundi wa redio, miaka ile mtu mwenye simu ya mkononi alikuwa bado anaitundika shingoni ionekane. Akaleta mabenchi ya kanisa lililohama, akatundika pazia, watu wakaanza kuja. Sahani za gemu zilikuwa chache. Kulikuwa na mpira, kulikuwa na magari, na kulikuwa na ile moja ambayo jalada lake lilikuwa limechubuka na maandishi yake hakuna aliyeyajua, herufi kama vijumba vidogo. Ndani yake mwanamume mwenye nyundo anashuka chini ya mji, anapita kwenye mitaro, anapigana na popo na mende, mpaka anaingia chumba cha udongo chenye mashimo pande zote. Hapo ndipo anapokaa panya.

Huyo hakuwa panya wa kukimbizwa na ufagio. Alikuwa na mwili wa ndama, meno ya njano kama jembe lenye kutu, na macho madogo kama punje za wimbi. Anatoka shimo hili, anakuuma, anarudi. Ukikimbilia hapo, yeye yuko kule. Daud wa pancha, anayeziba magurudumu karibu na msikiti, ndiye aliyempa jina.

"Huyu ni Chifu," alisema siku moja akiuachia mwenzake ile padi ya vibonyezo. "Humwoni mpaka awe na kitu cha kuchukua kwako."

Jina likashika. Wanaume wazima walikuwa wanatoka kazini moja kwa moja kuja kupigwa na Chifu.

"Toka hapo bana, unapiga udongo. Chifu ameshaenda kunywa chai."

"Wewe ulimfanyia nini jana? Si alikula hata viatu vyako?"

Wangila alifurahi. Mtu aliyeshindwa na Chifu hulipa tena papo hapo, hata kama alitumwa unga.

Nekoye kazi yake ilikuwa kupokea hela, kupanguza padi jasho, na kumwambia anayening'ang'ania kiti kwamba zamu yake imeisha. Muda uliobaki alitazama. Alikuwa na subira ya mtu aliyekaa utoto wake wote kando ya shimo akikatazwa hata kukohoa. Wenzake walimwona Chifu kama mwizi asiye na mpango. Yeye alianza kuona mpango. Kulikuwa na shimo moja kwenye kona lililofunikwa kwa ubao. Siku moja Kevin, kondakta wa magari ya Kapenguria, aliuvunja ule ubao kwa bahati mbaya akikimbia, na Chifu akaacha kila kitu, akageuka, akaenda pale. Kevin alikuwa ameshafika upande wa pili, anapiga nyundo hewani na kutukana. Hakuna mwingine aliyeona.

Nekoye akajua. Huyo aliyemtengeneza, popote alipo, alikuwa amekaa na fuko. Kwa maana fuko hachukii kitu kama upepo ndani ya njia yake. Ukimfukuza utalima shamba zima bure. Mtegaji hutoboa njia mahali pamoja, akaacha hewa iingie, kisha akasimama kama kisiki. Fuko akisikia baridi huja mwenyewe kuziba, kinyumenyume, akisukuma udongo kwa miguu ya nyuma. Ukinyanyua unyayo tu, hasikii tena njaa wala baridi, haji.

Mchana mmoja, wateja wameondoka, alimwomba Wangila ajaribu. Wangila alikuwa kwenye benchi na sahani ya ugali mapajani.

"Wewe?" Akacheka. "Jaribu, mama. Lakini ujue hiyo ni nyundo, si mwiko."

Akajaribu, akaliwa hata kabla ya kuufikia ubao. Mchana uliofuata akaliwa tena. Vidole vyake havikuwa vimezoea vibonyezo. Alikuwa anataka aende kulia, mwenye nyundo anaruka. Wangila alicheka mpaka akapaliwa. Ikawa ndiyo burudani yao ya mchana, yeye anashindwa, mumewe anakula na kumtania, na Nekoye hakukasirika, kwa sababu siku hizo Wangila alikuwa anamtazama.

Polepole vidole vikatii. Akavunja ubao, akasogea nyuma kidogo, akatulia. Hakugusa kitu. Alihesabu pumzi kwa midomo, kama baba yake alivyomfundisha alipokuwa mdogo, ili mwili usijisahau ukasogea. Chifu akazunguka, akanusa, akaenda kwenye shimo, akageuza makalio, akaanza kusukuma udongo. Nekoye akapiga. Chifu akazama, akarudi, akasukuma tena. Nekoye akangoja, akapiga. Mwishowe panya akalala chali miguu juu, dari likafunguka, na yule mwenye nyundo akapanda ngazi kwenda mahali ambapo mtu wa Matisi hakuwahi kupaona.

Wangila aliacha kutafuna.

"Umefanyaje?"

"Nimemtega tu."

Akamwonyesha tangu mwanzo. Wangila akachukua padi, akajaribu, akaliwa. Akajaribu tena. Ubao aliuvunja vizuri, lakini kungoja kulimshinda. Vidole vyake vilikuwa vinawashwa. Akairudisha padi, akaiweka ile hatua kwenye kadi ya mashine ili isipotee, akajifuta mikono kwa suruali.

"Hii ibaki hapa kwetu," alisema. "Watu watasema nini? Mwanamke ndiye anamaliza gemu nyumbani kwangu?"

"Watasema mke wako anajua."

"Sasa si ndiyo hiyo."

Jioni yake akawaonyesha wanaume mahali pale papya, mji wa juu, taa na madaraja, akasema amemuua Chifu. Walimpigia makofi. Daud peke yake ndiye aliyegeuka akamtazama Nekoye.

"Shemeji, ni ukweli?"

"Si mwenyewe amewaambia."

"Kwa mikono yake?"

"Kwa mikono yake," Nekoye akasema, akaendelea kupanguza padi.

Hakuona ubaya. Wangila alimtupia jicho la shukrani, na wiki ile ile, bila kuombwa, alisema Desemba wataenda Myanga, yeye na wazee wake, ili wajulikane kwa kina Nekoye. Walikuwa wamekaa pamoja tangu mavuno ya mwaka juzi na Wangila alikuwa hajafika kwao hata kuchungulia. Hakukuwa na mtoto, hakukuwa na ng'ombe wa mahari, hakukuwa na kanisa. Kilichomfanya aitwe mke ni kwamba watu walimwita hivyo. Desemba ingemaliza hayo.

Lakini mwanamume akishapigiwa makofi hutakiwa arudie. Jumamosi moja Daud alikuja na kundi.

"Leo hatutaki kuona madaraja," akasema. "Leo tunataka kuona Chifu akifa. Kifo chenyewe."

"Nina kazi."

"Kazi gani, na kazi yako ni hii?"

Wangila akakaa. Mabenchi yalijaa, wengine wakasimama mlangoni. Akavunja ubao. Nekoye, akiwa nyuma kabisa, aliyaona mabega yake yamekaza, akajua hatangoja. Hakungoja. Chifu akamla. Akaanza upya, akaliwa. Mara ya kwanza watu walinyamaza kwa heshima. Baadaye wakaanza.

"Labda Chifu alifufuka na Pasaka."

"Mwambieni mke wake amletee maji, jamaa anazimia."

"Bingwa, ulimuua au ulimwota?"

Wangila aliweka padi chini. Masikio yalikuwa yamemwiva. Hakumtazama Nekoye.

"Mkono umekuwa mzito," alisema. "Kuna kitu hapa ndani."

Hayo tu. Pengine alitaka tu kutoka pale kitini. Lakini Rispah alikuwa mlangoni na chapati zake kwenye beseni, akainua macho, yakafika kwenye msumari. Na lile aliloliona mchana ule wa kibiriti, ambalo mpaka hapo lilikuwa jambo dogo la mwanamke anayecheza badala ya kuosha vyombo, likapata maana.

Wateja walipungua kwanza, kisha wakakoma. Kwenye bomba la maji wanawake walimwachia Nekoye nafasi pana kuliko aliyohitaji. Aliitoa mikia Jumamosi ile ile, akaiweka juu ya dari la chumba cha nyuma, na hata hiyo ikasemwa: ati ameficha. Alimwambia Wangila, "Waambie." Wangila akasema, "Wacha, watachoka wenyewe." Siku zilivyokwenda ni yeye aliyeonekana amechoka. Alianza kula chakula nje.

Jumapili baada ya ibada wakaketi, mchana kweupe, katika chumba kile kile. Televisheni ilikuwa imezimwa na kufunikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono. Mzee Zachary, mwenye ploti na mzee wa kanisa, alikaa benchi la mbele. Kando yake alikaa mama yake Wangila, Phelista, aliyefika asubuhi kutoka Misikhu na kuku kwenye kikapu, maana hakujua kama amekuja kwa wema au kwa ubaya na hakutaka kuja mikono mitupu. Rispah alikuwepo. Daud aliitwa kwa sababu jina lake lilitajwa. Nekoye alikaa karibu na mlango, na Wangila upande wa mashine, waya wa padi umezunguka vidole vyake.

"Mimi sikukuja kugombana," Phelista alisema. Alikuwa mama mpole, na upole wake ulimtisha Nekoye kuliko maneno ya Rispah. "Nirikuja kuuriza. Hii mikia ni ya nani?"

"Ni ya baba, mama. Anatega fuko. Aliniachia nimwekee."

"Anatega."

"Ndiyo, mama. Ni kazi yake. Hata huko kwenu kuna watu wa kutega."

"Wako. Rakini mikia hawapei watoto wao waweke juu ya kazi ya mtoto wangu."

Nekoye akaeleza, taratibu, paka, ukavu, msumari. Akaeleza upepo kwenye njia ya fuko, na kungoja, na kuhesabu pumzi. Aliona maneno yakifika na kuanguka. Kadiri alivyoeleza vizuri ndivyo Rispah alivyotikisa kichwa, kama mtu anayesikia ungamo.

"Washeni basi," Nekoye akasema. "Mikia haipo hapa. Washeni mnione nikicheza."

"Mmesikia?" Rispah akamgeukia mzee. "Anasema mwenyewe panya atamtii."

Mzee Zachary alikuna kidevu. "Binti, hebu tufikirie. Wanaume wote wameshindwa. Wewe ukimshinda hapa mbele yetu, sisi tutasema nini?"

"Mtasema najua kucheza."

"Na ukishindwa?"

Nekoye akaitazama televisheni iliyofunikwa.

"Tutasema Mungu amemfunga," Rispah akamalizia, bila chuki, kama anayetaja bei.

Daud alijikuna shingo. Hakupenda kuwepo pale. "Lakini shemeji, si mimi nilikuuliza? Nikakuuliza kwa mikono ya nani. Ukasema ya Wangila."

"Nilisema."

"Sasa leo ni yako."

"Niliambiwa isitoke nje ya nyumba, nikasema hivyo."

"Uliambiwa na nani?" Mzee Zachary akauliza, ingawa kichwa chake kilikuwa kimeshageukia upande wa mashine. Wote waligeukia huko. "Wangila. Mke wako anasema ulikaa hapa ukiona yote. Ni kweli?"

Wangila aliufungua waya vidoleni, akaufunga tena.

"Mimi mambo ya mikia siyajui," akasema. "Nilikuta imetundikwa."

Lilikuwa neno la kweli. Nekoye alilisikia likipita, akaona Phelista akishusha pumzi, kama mtu aliyekuwa ameshika mzigo akaoneshwa pa kuutua. Mama mkwe akafunga leso yake kiunoni.

"Basi aende kwao kwanza," alisema. "Simfukuzi. Aende Myanga, sisi tuombe, tuone. Hata hiyo safari ya Desemba, iachwe."

Mzee Zachary akaitikia kwa kichwa. Rispah akaanza kutafuta viatu vyake chini ya benchi, na Nekoye, aliyezoea kutazama, aliona habari ikiwa imeshasimama na kuvaa nguo. Isingeishia langoni. Ingeshuka mpaka Kiminini, shamba kwa shamba, na yule bwana akirudi safarini angeikuta imemtangulia. Baba yake angefika na waya wake begani na kuulizwa ni dawa gani anayopanda kwenye mashimo ya watu. Mzee wa umri ule, asiye na kazi nyingine, asiyejua hata jina la gemu. Chuki ilimpanda. Haikuwa ya Rispah. Rispah aliona alichoweza kuona. Ilikuwa ya yule mtu aliyekaa umbali wa mkono mmoja, aliyejua yote kuliko wote, anayezungusha waya.

Mbele ya mama mkwe hakuwahi kumwita mumewe kwa jina. Alimwita sasa.

"Wangila."

Rispah akasimama na kiatu kimoja mkononi.

"Sikuombi uniweke," Nekoye akasema. "Mama amesema niende, nitaenda. Na kama unataka kubaki bingwa, baki. Sitawaambia tena nani alimuua nani. Lakini baba yangu anakula kwa mashamba ya watu, na wewe unajua mimi sikumroga huyu panya, kwa sababu ulikuwa hapa nikiliwa. Mchana baada ya mchana. Ulikaa kwenye hilo benchi na sahani yako ukanicheka mpaka ukapaliwa. Nani anaroga halafu anashindwa hivyo? Waambie hilo moja tu. Waambie uliniona nikishindwa."

Mzee Zachary alimtazama Wangila. Phelista alimtazama mwanawe, na kwa mara ya kwanza tangu afike uso wake ulikuwa na swali la kweli. Nje mtu alikuwa anaita chapati, na hakuna aliyemwitikia. Wangila aliinamia padi, akapitisha kidole gumba kwenye vibonyezo, kimoja kimoja, kana kwamba mashine imewashwa.